Pikipiki ya kwenda kazini: gharama halisi ni ipi?

Mkazi wa Etterbeek anayetakiwa kuwa kazini kabla ya mapambazuko hana njia nyingi za kuchagua. Treni za chini ya ardhi za Brussels huanza safari takriban saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kwa msafishaji wa ofisi, muuguzi wa zamu au mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, saa hiyo huwa imeshachelewa. Gari linamshinda bei, na baiskeli haimfai kila mtu wala kila umbali. Hapo ndipo wazo la pikipiki hujitokeza, na mara nyingi hutanguliwa na sentensi moja: "Inakunywa mafuta kidogo."

Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi kufanyia uamuzi. Makala haya yanaeleza pikipiki hutumia petroli kiasi gani, kwa nini hutumia kiasi hicho, na gharama gani nyingine humfuata mwenye nayo kila anapowasha injini au anapoiacha imelala kando ya njia.

Etterbeek ni moja ya manispaa 19 za mkoa wa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Eneo lake ni zaidi kidogo ya kilomita tatu za mraba, na limepakana na ofisi kuu za Umoja wa Ulaya. Barabara ya Chaussée de Wavre, inayoanzia karibu na Matonge, ule mtaa wa Ixelles uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa, hupita katikati yake. Katika eneo dogo kama hili, safari za kwenda kazini hutofautiana sana: wapo wanaokwenda kilomita tatu, na wapo wanaovuka mji mzima. Kama tutakavyoona, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu.

Namna ya kusoma matumizi ya mafuta

Afrika Mashariki dereva huuliza lita moja inakwenda kilomita ngapi. Ulaya huulizwa kinyume chake: kilomita 100 zinakula lita ngapi. Ni hesabu ileile iliyogeuzwa. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita hutumia lita 2.5 kwa kilomita 100, na inayokwenda kilomita 20 kwa lita hutumia lita 5.

Kwa jumla, skuta au pikipiki yenye injini ya cc 125 hutumia kati ya lita 2 na 3 kwa kilomita 100. Pikipiki kubwa ya cc 600 huhitaji kati ya lita 4 na 5, na zipo kubwa zaidi ambazo hukaribia gari dogo la kisasa. Kwa hiyo si magurudumu mawili yanayoleta nafuu, bali udogo wa injini na wepesi wa chombo.

Sababu zake ni rahisi kuelewa. Lita moja ya petroli hubeba nishati ya karibu kilowati-saa 9, na injini hugeuza takriban robo yake tu, au pungufu ya hapo, kuwa mwendo. Iliyobaki hupotea kama joto. Kidogo kinachopatikana hutumika kusukuma uzito, kushinda msuguano wa tairi na kupasua hewa. Skuta ya cc 125 ina uzito wa kilo 130 hivi. Ukimwongeza dereva hufikia kilo 210, ilhali gari dogo huzidi kilo 1,000 hata likiwa tupu.

Katika jambo moja, hata hivyo, pikipiki haina sifa. Umbo lake na la aliyeketi juu yake hupasua hewa vibaya, na nguvu ya upepo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukienda kasi mara mbili, upinzani huwa mara nne. Ndiyo maana nafuu ya pikipiki hupungua kwenye barabara kuu na huonekana zaidi mjini. Tangu tarehe 1 Januari 2021 mwendo wa kawaida katika mkoa wa Brussels ni kilomita 30 kwa saa, isipokuwa pale alama zinapoonyesha vingine. Kwa mwendo huo upepo si hoja. Kinachokula mafuta ni kusimama na kuondoka kwenye kila taa, pamoja na injini baridi ambayo, katika safari fupi za majira ya baridi, hufika kazini kabla haijapata joto lake la kawaida.

Mfano wa kwanza: Etterbeek hadi Zaventem

Tumchukulie mfanyakazi wa zamu katika uwanja wa ndege wa Zaventem, takriban kilomita 12 kutoka Etterbeek. Kwenda na kurudi ni kilomita 24. Akifanya kazi siku 220, kwa mwaka atakwenda kilomita 5,280.

Nchini Ubelgiji serikali huweka bei ya juu kabisa ambayo vituo vya mafuta haviruhusiwi kuivuka, na takriban nusu ya bei hiyo au zaidi ni kodi. Kwa kuwa bei hubadilika, hapa tutatumia euro 1.60 kwa lita kama kipimo cha mfano tu. Skuta ya cc 125 inayotumia lita 2.5 kwa kilomita 100 itahitaji lita 132 kwa mwaka, yaani euro 211. Gari linalotumia lita 7.5 katika foleni hiyohiyo litahitaji lita 396, yaani euro 634. Tofauti ni euro 423.

Wengi huishia hapo, wakaenda dukani. Lakini hesabu kamili ya mwaka mmoja, kwa skuta iliyonunuliwa ikiwa imetumika kwa euro 2,400 na kuuzwa kwa euro 900 baada ya miaka mitano, inaweza kuwa hivi:

- Petroli: euro 211
- Bima ya lazima: euro 200
- Matengenezo ya mwaka, oili na plagi: euro 200
- Tairi na mkanda wa kuendeshea gurudumu: euro 80
- Helmeti, koti, glavu, viatu na vazi la mvua, vya jumla ya euro 590, vikigawanywa kwa miaka mitano: euro 118
- Uchakavu, yaani thamani inayopotea kila mwaka: euro 300

Jumla ni euro 1,109, au senti 21 kwa kila kilomita. Viwango vya bima na fundi hutofautiana na kila msomaji ataweka vyake, lakini uwiano wenyewe haubadiliki sana: petroli haifiki hata moja ya tano ya gharama yote. Dereva mwangalifu akipunguza matumizi ya mafuta kwa asilimia 10, ataokoa euro 21 kwa mwaka. Akichagua pikipiki ya cc 600 kwa sababu ya fahari, petroli pekee itapanda hadi euro 406 hivi, kabla ya kuhesabu tairi zinazokwisha upesi na bima iliyo kubwa zaidi. Aidha, pikipiki zisizozidi cc 250 husamehewa kodi ya barabara ya kila mwaka. Zinazozidi hapo hulipa.

Mfano wa pili: kilomita tatu tu

Sasa tumwangalie jirani yake anayefanya kazi karibu na makutano ya Schuman, kilomita tatu kutoka nyumbani. Kwa mwaka atakwenda kilomita 1,320. Kwa kuwa injini yake haipati joto vizuri, tukadirie lita 3 kwa kilomita 100. Petroli yake itagharimu euro 63 tu, na yamkini atajisifu kwamba hujaza tangi mara chache kwa mwaka.

Lakini bima haimuulizi amekwenda kilomita ngapi. Oili hubadilishwa kila mwaka hata kama haijachakaa kwa mwendo, kwani safari fupi huiharibu kwa unyevu. Helmeti ni ileile. Ukijumlisha euro 63 za petroli, 200 za bima, 200 za matengenezo, 20 za tairi, 118 za mavazi na 280 za uchakavu, unapata euro 881. Hiyo ni senti 67 kwa kilomita, zaidi ya mara tatu ya gharama ya yule wa Zaventem.

Mtu huyu hana sababu ya kifedha ya kumiliki pikipiki. Mwaka 2020 tiketi ya mwaka mzima ya shirika la usafiri wa umma la Brussels, STIB, iliuzwa kwa euro 499, na hata kama bei za tiketi hubadilika, waajiri wa Ubelgiji hutakiwa kuchangia gharama ya mfanyakazi anayetumia usafiri wa umma. Vituo vya Mérode na Thieffry viko hapo hapo Etterbeek. Isitoshe, kilomita tatu zinatembeleka.

Bodaboda: hesabu iliyogeuka

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, yote haya huenda yakaonekana ya ajabu, kwani kule petroli ndiyo mazungumzo ya kila asubuhi. Bei kikomo hutangazwa kila mwezi, na EWURA nchini Tanzania na EPRA nchini Kenya, na siku ya tangazo husubiriwa vijiweni.

Tofauti haitokani na pikipiki yenyewe, bali na kilomita. Dereva wa bodaboda anayekwenda kilomita 120 kwa siku, kwa pikipiki inayokwenda kilomita 45 kwa lita, hutumia karibu lita 2.7 kila siku. Tukichukua bei ya mfano ya shilingi 3,000 za Tanzania kwa lita, hiyo ni shilingi 8,000 kwa siku, na kwa siku 300 za kazi ni shilingi 2,400,000. Asilimia 10 ya fedha hizo ni shilingi 240,000. Kwake, kurekebisha kabureta, kusafisha kichujio cha hewa na kukaza mnyororo ni tofauti kati ya kufikisha hesabu ya tajiri jioni na kurudi mikono mitupu. Bandu bandu huisha gogo.

Kilomita ambazo mfanyakazi wetu wa Zaventem huzimaliza kwa mwaka mzima, bodaboda huyu huzimaliza kwa siku 44. Mmoja anaelemewa na gharama za kumiliki, mwingine na gharama za kutembea. Ushauri wa mmoja haufai kumpa mwingine.

Tofauti hiyohiyo inaeleza kwa nini pikipiki za umeme zimepokewa upesi na madereva wa abiria wa Afrika Mashariki. Mjini Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza kuendesha pikipiki za kubadilishiwa betri mwaka 2019, na kuanzia Januari 2025 Rwanda iliamua kwamba pikipiki mpya zitakazosajiliwa kubeba abiria katika jiji hilo ziwe za umeme. Anayetumia petroli kila siku huona faida ya kuiacha kila siku.

Etterbeek mambo ni ya polepole zaidi. Skuta ya umeme inayotumia kilowati-saa 4 kwa kilomita 100, kwa umeme wa senti 35, hugharimu euro 1.40 kwa umbali ambao petroli ingegharimu euro 4. Ni nafuu kubwa kwa asilimia. Lakini kwa kilomita 5,280 ni euro 137 tu kwa mwaka. Ikiwa skuta hiyo ilinunuliwa kwa euro 1,500 zaidi, itachukua takriban miaka 11 kurudisha tofauti. Aidha, anayeishi ghorofa ya nne bila gereji hana budi kuuliza kwanza kama betri hubebeka.

Sheria zinazogusa mfuko

Kabla ya kununua chombo, leseni huja kwanza. Nchini Ubelgiji, mwenye leseni ya gari ya daraja B iliyotolewa kabla ya tarehe 1 Januari 1989 anaweza kuendesha pikipiki yoyote. Aliyeipata kati ya tarehe hiyo na 30 Aprili 2011 anaruhusiwa hadi cc 125 na kilowati 11. Aliyeipata baadaye anatakiwa kuwa ameishikilia kwa miaka miwili, kisha apate mafunzo ya vitendo ya saa nne. Na ruhusa hiyo ni ya ndani ya Ubelgiji pekee. Leseni ya nchi isiyo ya Ulaya hubadilishwa kupitia ofisi ya manispaa, pale inapotambuliwa. Ni vyema kuuliza hapo kabla ya kulipa hata senti moja kwa muuzaji.

Tangu tarehe 1 Septemba 2011, mwendesha pikipiki analazimika kuvaa, mbali na helmeti, glavu, koti la mikono mirefu, suruali ndefu na viatu vinavyofunika vifundo vya miguu. Hii si hiari, na ndiyo sababu mavazi yamo katika hesabu yetu.

Siku hiyohiyo ya mwaka 2011 sheria iliruhusu pikipiki kupita katikati ya safu za magari yaliyosimama au yanayotambaa, kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa na usiozidi ule wa magari kwa zaidi ya kilomita 20. Kwa msafiri wa mjini ruhusa hii huokoa muda, na huokoa petroli inayoungua bure kwenye foleni. Mwaka huohuo taasisi ya Transport & Mobility Leuven ilikadiria kwamba, kama moja ya kumi ya wenye magari kwenye njia ya Leuven hadi Brussels wangehamia pikipiki, muda unaopotea kwenye foleni ungepungua kwa asilimia 40. Utafiti huo uliagizwa na FEBIAC, shirikisho la sekta ya magari na pikipiki, nalo lina maslahi yake. Hata hivyo, hoja ya msingi haipingiki: pikipiki huchukua nafasi ndogo.

Gharama isiyoandikwa

Kuna gharama moja ambayo hakuna jedwali linaloweza kuionyesha vizuri. Kwa kila kilomita inayosafiriwa, hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki ni mara nyingi zaidi ya ile ya aliye ndani ya gari. Reli za tramu zilizolowa kwenye makutano ya La Chasse, mawe ya barabara za zamani na majani ya vuli chini ya miti ni mambo ambayo dereva aliyejifunzia kwenye vumbi na jua la nyumbani hana budi kujifunza upya.

Hapa sheria ina pande mbili ambazo ni muhimu kuzijua. Upande wa kwanza ni wa faraja: sheria ya ajali kazini ya tarehe 10 Aprili 1971 humlinda mwajiriwa pia akiwa kwenye njia yake ya kawaida ya kwenda na kurudi kazini, awe kwa miguu, kwa basi au kwa pikipiki. Ajali ya njiani iripotiwe kwa mwajiri bila kuchelewa.

Upande wa pili ni wa tahadhari. Kifungu cha 29bis cha sheria ya bima ya tarehe 21 Novemba 1989 huwapa fidia watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na abiria bila kujali nani mwenye kosa. Dereva wa chombo cha injini hayumo. Kwa maana hiyo, aliyepakiwa nyuma ya pikipiki analindwa kuliko aliyeshika usukani. Ndiyo sababu kampuni za bima huuza bima ya ziada ya dereva, na kwa mtu ambaye mshahara wake hulisha nyumba mbili, moja Brussels na nyingine ng'ambo ya bahari, hiyo si anasa. Anayeamua kuendesha bila bima kabisa anacheza na moto: mfuko wa dhamana wa Ubelgiji humlipa aliyeumizwa, kisha humdai dereva fedha hizo, na deni la namna hiyo linaweza kudumu maisha yake yote.

Namna ya kupunguza

Ikiwa, baada ya haya yote, pikipiki bado inafaa, yapo mambo machache yenye faida kubwa kuliko kutafuta kituo chenye petroli ya bei ya chini:

- Chagua injini ndogo kabisa inayotosha safari yako. Uamuzi huu mmoja hupunguza petroli, bima, tairi na kodi kwa pamoja.
- Pima upepo wa tairi mara moja kwa mwezi, tairi zikiwa baridi. Tairi laini hula mafuta, huisha mapema na huteleza.
- Ondoka taratibu kwenye taa, na achia mafuta mapema unapoona taa nyekundu mbele.
- Kama pikipiki ni ya zamani, hakikisha inakubali petroli ya E10. Nchini Ubelgiji, tangu mwaka 2017, petroli ya kawaida ya 95 ina hadi asilimia 10 ya ethanoli, ambayo huweza kuharibu mipira ya kabureta kuukuu.
- Usipunguze gharama kwenye helmeti wala breki. Helmeti iliyokwisha kupata kishindo ibadilishwe, hata kama haina ufa unaoonekana.
- Omba bei ya bima kwa kampuni tatu au zaidi. Tofauti inaweza kuzidi nafuu ya petroli ya mwaka mzima.

Aliye na shaka afanye jaribio dogo kabla ya kununua. Kwa miezi mitatu aandike katika daftari kila safari ya kazini, umbali wake, saa aliyotoka na fedha aliyolipa, kisha azidishe kilomita kwa nne apate za mwaka. Zikikaribia 5,000, na saa za kutoka zikiwa kabla ya treni ya kwanza, pikipiki ndogo ina hoja nzuri. Zikiwa chache kuliko 2,000, hoja hiyo haipo, hata kama lita moja ingekwenda kilomita mia.